Mgeni Mmoja kwenye Gîte ya Nzilo

Wewe unayesoma, umeshawahi kulala mahali ambapo mtu unayempenda yuko upande wa pili wa ukuta, na hakuna hata mmoja kati yenu anayethubutu hata kukohoa? Tshiela alilala hivyo, juu mlimani kwa Nzilo, mwaka wa 93, siku mbili kabla ya train kumpeleka Kasai, nchi ambayo hajawahi kuikanyaga.

Alifika jua likiwa linaelekea kushuka. Alikuwa amepanda kwa miguu muda wa saa tatu nzima, maana kwenye ile gîte gari haijafika hata siku moja. Wazungu wa zamani waliijenga kwa mawe, wakaiezeka majani, wapate mahali pa kulala wakienda kutazama maporomoko. Sasa hata wao hawaji. Kitenge chake kilikuwa kimejaa miba mpaka magotini.

Mbayo, mlinzi wa mahali pale, alikuwa amechuchumaa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Alipomwona, mchi ukabaki hewani.

— Gîte iko na nafasi? Tshiela akauliza.

— Vyumba iko munane, mugeni hakuna hata mumoja. Tshiela, ulipita wapi? Na nani?

— Na miguu yangu. Kamyo ya makala ilinifikisha pale barabara. Niandike, monsieur le gardien. Mugeni si anaandikwa kwanza?

Mbayo akaleta registre, daftari la wageni, akaipanguza vumbi kwa kiwiko. Mgeni wa mwisho alikuwa ameandikwa miaka miwili nyuma.

— Jina?

— Haulijue?

— Ni registre inauliza, si mimi.

— Tshiela Ernestine.

— Unatokea wapi?

— Kapata, nyumba ya tatu kutoka pa bomba la mayi. Nilizaliwa mule.

— Unaenda wapi?

Tshiela akang'oa mwiba mmoja kwenye kitenge.

— Andika "kwao". Banasema turudie kwetu. Mi hata rangi ya udongo ya kule siijue.

Mbayo akaandika Mwene-Ditu, mji wa Kasai, polepole, kama mtoto wa primaire.

Walikuwa wamependana miaka miwili, huyu fundi wa mashine, mtoto wa Katanga ya kaskazini, na huyu binti wa Kasai aliyefundisha darasa la pili. Kisha kampani ya migodi ikaanza kuanguka, mishahara ikakatika, na watu wakatafuta wa kulaumu. Asubuhi moja vijana walipita mtaani Kapata na firimbi wakiimba kwamba bilulu, wadudu, watoke. Ndivyo walivyowaita watu wa Kasai. Mbayo alikuja siku hiyo na pousse-pousse, mkokoteni wa kusukuma, akapakia godoro, cherehani na masufuria ya mama, akasukuma mpaka gare, kwenye kituo cha train. Tangu hapo hakuonekana tena. Wiki tatu Tshiela na wazazi wake walikuwa pale gare chini ya bâche, turubai tu, wanangoja train. Ikafika karatasi moja tu, mkononi mwa muuza makaa: "Niko ku gîte ya Nzilo. Nalinda nyumba. Mufike muzuri. Mbayo." Tshiela aliisoma mpaka ikachanika kwenye mkunjo, akitafuta neno lingine ndani yake.

Wakala bukari, ugali wa huko, na sombe kwenye ngazi ya mbele.

— Samaki hakuna, Mbayo akasema.

— Ku gare hata sombe hakuna.

— Tata Kazadi iko namna gani? akauliza habari za baba yake.

— Anakohoa. Anajua niko kwa masista, naomba dawa.

— Ulimudanganya tata yako?

— Na we, ulimukimbia nani mpaka huku juu?

Mbayo akakanda tonge moja muda mrefu, hakulila.

— Bandugu yangu balinipa firimbi ile asubuhi. Nikakatala. Bakaniambia nisikanyage tena mule nyumbani. Kwao mi ni musaliti. Kwenu mi ni Mukatanga. Ningeenda wapi, kama si mahali kwenye hakuna mutu?

— Mi nilikuwa mutu ya kutosha.

Chini kabisa, mto Lualaba ulisikika ukisaga mawe.

— Mbayo, juu ya nini uliniambia "wende muzuri"?

— Wapi?

— Ku gare. Ulishusha cherehani, ukapanguza mikono, ukasema, "Tshiela, wende muzuri."

— Sasa ningesema nini? Mutu akienda...

— Mutu akienda, mwenye kubakia njo anasema "wende muzuri". Ulijiweka upande wa benye kubakia, mbele ya bantu yote! Haukuona sikukujibu "ubakie muzuri"? Nilikatala. Nilikuwa nangoja useme ingine.

— Tata yako alikuwa anasimama pale! Asubuhi alinishika mukono: "Mutoto, leo usiniombe binti, nitalia mbele yako." Nikatafuta neno ya heshima.

— Heshima! Heshima yako inanilaza peke yangu kati ya bantu elfu mbili.

— Na mi, unafikiri nalala na nani? Na popo?

Tshiela alicheka bila kutaka. Kicheko kikaisha upesi, wakabaki wakitazama sahani.

Mbayo alimpa chumba chenye blanketi mbili. Kitanda cha kambi kililia kila alipogeuka, na cha Mbayo, upande wa pili wa ukuta, kikajibu. Tshiela akajiambia: akikohoa tu, nitasema. Mbayo hakukohoa.

Asubuhi ukungu ulikuwa umefunika mlima wote. Mbayo alimfungia viazi vya kuchoma katika jani la mgomba, akamsindikiza pekupeku mpaka mwanzo wa njia. Akafungua kinywa.

— Usiseme, Tshiela akamkata.

— Sijasema kitu.

— Mudomo ulishafunguka.

Akashuka. Hatua kumi, hatua ishirini, na gîte ikamezwa na ukungu. Hapo miguu ikamgomea. Alikuwa amepanda mlima mzima na maneno yake kooni, na usiku kucha amemlaumu mwingine kwa kunyamaza.

— Mbayo!

— Éé!

— Sikukuya kulala!

— Unasema nini? Panza sauti!

— Nasema sikukuya kulala! Nilikuya kukufuata! Nataka unioe pale pale ku gare, chini ya bâche, mbele ya tata! Train ikifika, tupande wote! Tata atakasirika mpaka Mwene-Ditu, kisha atachoka!

Matone yalidondoka kutoka kwenye majani. Tshiela akakumbatia viazi vyake, vikamwunguza kifua.

Ndipo sauti ikashuka kutoka juu, imepasuka kama ya mtu aliyelia:

— Ngojea! Usitembee! Mi nilitaka kupanda na ninyi toka siku ya kwanza, nilikuwa naogopa hamutanitaka! Ngojea pale, nivae viatu!