Waya Uliokatwa Kwenye Pijo la Adinani

"Huu waya haujakatika wenyewe, dada Maua. Umekatwa."

Fundi Kulwa alisema hivyo akiwa amelala chini ya usukani wa Pijo la marehemu mume wangu.

Nikainama nione.

Ndugu mnaonisoma, mume wangu Adinani alifariki mvua za mwaka jana, barabara ya kwenda Usoke. Gari liliacha njia likaingia mtaroni. Tukaambiwa waipa hazikuwa zinafanya kazi. Tukasema Mungu amependa, tukazika.

Sikutaka kuliuza lile gari la zamani. Nilitaka litembee tena, nikae kwenye kiti chake.

"Mota ya waipa nzima," Kulwa akaendelea. "Swichi nzima. Fyuzi nzima. Ni huu waya tu, na ona ncha zake zilivyonyooka. Hii ni koleo."

"Koleo ya nani?"

"Mimi naunga nyaya, dada. Hayo mengine waulize kwenu."

Nikakumbuka...

Asubuhi ya ajali nilimkuta Rashidi, mdogo wake Adinani, kichwa chini ya dashibodi.

"Naangalia fyuzi, shemeji," aliniambia.

Rashidi huyohuyo ndiye aliyeingia kaburini kumpokea kaka yake. Na eda yangu ilipoisha, wazee walikuja kuniposa kwa niaba yake. Ijumaa nilitakiwa kutoa jibu.

Nikampigia simu. Akaja gereji anatabasamu.

Nikamwonyesha waya.

Tabasamu likafa.

"Ulimuua kaka yako ili unioe?"

Kulwa akajifanya anatafuta spana.

"Nilikata mimi," Rashidi akasema taratibu. "Lakini sikumuua."

"Ila?"

"Kaka alikuwa haoni, shemeji."

"Haoni vipi? Si alikuwa anaendesha kila siku?"

"Jicho la kulia lilishakufa. La kushoto lilikuwa na ukungu. Aliniapisha nisikwambie. Nilipoona mawingu yale nikakata waya, nikajua atabaki nyumbani. Nani anatoka bila waipa kwenye mvua ile?"

"Alitoka."

"Nilipofika pale mtaroni... kioo kilikuwa kinanuka tumbaku."

Nikakaa chini, palepale kwenye oili.

Nyie wa mbali hamjui. Madereva wa huku kwetu kunakolimwa tumbaku, waipa zikigoma, husugua kioo cha mbele kwa jani la tumbaku lililolowa, maji yateleze. Kwa mwenye macho mazima husaidia kidogo.

Nikaikumbuka chai aliyokuwa akiimimina nje ya kikombe, nami namcheka.

"Nimeshaunga. Niwashe?" Kulwa akauliza. Akawasha.

Waipa zikaburuzika juu ya kioo kikavu, kushoto, kulia. Tulizitazama wote watatu.

"Na jibu la wazee, shemeji?" Rashidi akauliza.

"Hapana."

"Kwa sababu nilikata?"

"Kwa sababu ulijua, ukanyamaza. Nilikuwa jikoni, Rashidi. Hatua chache tu kutoka pale ulipolala chini ya dashibodi. Ungeniambia, ningezificha funguo, hata kama angenipa talaka."

Akaondoka bila kuaga. Sijampeleka polisi. Sijui kama nimemsamehe.

Wewe unayesoma, kama unajua siri ya mtu inayoweza kumuua, usimzungukie nyuma kwa hila, hata kama ni kwa upendo. Mwambie anayelala naye. Akuchukie, lakini awe hai.

Mimi sina wa kunichukia.