Waya Aliouongeza Fridolin

Kila Aneth alipoingia chumbani, kile kifaa cha mumewe kiliharibika sauti. Akitoka, kinapona.

Mumewe, Fridolin, ambaye alimwita Baba Omega kwa jina la mtoto wao, alikuwa fundi redio pale Lipangalala, na pembeni alitengeneza muziki kwa sintesaiza ya kuungaunga, mtambo wa sauti za umeme wenye vipande vingi vilivyounganishwa kwa waya. Kipande kile kinachotoa sauti alikinunua kikiwa kibovu. Noti zake zilikuwa zinateleza. Akadhani ni joto, akabadilisha kapasita, akachomelea upya, kisha akaongeza waya wake mwenyewe ili sauti itetemeke kidogo kama ya mtu. Siku ya kuujaribu alimwomba Aneth, mwimbaji wa kwaya, aimbe noti moja ili kifaa kiifuatishe. Aneth akaimba. Kifaa kikaidaka noti ile, na hata umeme ulipochomolewa kiliendelea kuvuma.

Tangu hapo Aneth akaanza kukauka sauti. Hospitali walimpima koo, wakasema ni zima. Lakini kadiri sauti yake ilivyofifia ndivyo ya kifaa ilivyolainika, hadi mchana mmoja wa jua kali, akiwa anaanua mpunga uani, akamsikia mumewe anacheka ndani peke yake, na sauti ya kike inamjibu, na harufu ya asumini ikapita chini ya mlango, tamu hadi ikamchefua, na alipousukuma mlango akamkuta Fridolin ameegemeza shavu kwenye saketi iliyo wazi, macho kayafumba, na spika ikatamka neno moja kwa sauti yake yeye mwenyewe Aneth: "Toka."

Aneth alitoka, akaenda moja kwa moja kwa Bibi Hajira, muuza vitenge mwenye asili ya pwani aliyejua kusema na majini. Bibi alikuja jioni ileile na chetezo chake. Akafukiza ubani, akasikiliza, kisha akawaeleza kwamba ndani ya kifaa mlikuwa na jini aliyelala humo miaka mingi, na waya wa Fridolin ndio uliompa mdomo. Aliyeuweka ndiye aukate. Ila kwanza aseme, wote wakisikia.

"Huyu ni jike, na ana wivu," Bibi alinong'ona. "Hakubali kugawana. Sema, baba. Unamtaka yupi?"

Fridolin akashika koleo. Spika ikaanza ile noti, taratibu, kama inambembeleza. Akafungua mdomo, akaufunga. Ubani ukaungua hadi ukawa majivu. Aneth alikuwa anamtazama.

"Mke wangu," akasema mwishowe, akakata.

Kilio kilichotoka kiliichana spika, kikapita dirishani na kuwatawanya kuku wa jirani. Kisha kimya. Aneth akakohoa, akamshukuru Bibi kwa sauti kamili, nyororo kama zamani. Bibi alisema jini amekwenda na hatarudi, na ilikuwa kweli.

Walipobaki wawili, Fridolin akataka kumshika mkewe mkono. Aneth akaurudisha nyuma.

"Uliulizwa, Baba Omega," alisema kwa upole. "Ukafikiria."

Fridolin alitaka kumjibu upesi, na hata hapo akachelewa.