Sauti ya Kona ya Kushoto

Hebu fumba macho kidogo, msikilizaji wangu, uuone uwanja wa kikapu. Si ule wa kwenye televisheni. Huu ni wa saruji, uko Bariadi nyuma ya maghala ya pamba, na umezungushiwa wavu wa kuku kwa sababu mpira ukitoka nje unaingia kwenye miba. Waliouchora waliulaza vibaya. Goli moja liko mashariki na jingine magharibi, kwa hiyo jioni kuna timu inayocheza jua likiwa machoni. Sasa waone wasichana wa timu ya Korongo wakifanya mazoezi. Mwone nahodha wao, Milembe, msichana mrefu kutoka Lagangabilili, mwanga umempofusha, anasikia mtu akiita "Hapa!", anarusha mpira kwenye kona ya kushoto bila kutazama. Itazame vizuri kona hiyo. Hakuna mtu.

Mpira ulirudi.

Ungetakiwa kugonga wavu na kuviringika. Badala yake ulirudi kwa kasi, usawa wa kifua, ukaingia mikononi mwa Winnie aliyekuwa chini ya goli, naye akafunga.

"Pasi safi, Anifa!" Milembe alisema.

"Anifa yupi?" Winnie akacheka. "Anifa yuko bombani anakunywa maji kama ng'ombe wa Meatu."

Milembe akageuka. Kweli, Anifa alikuwa nje ya wavu, ameinamia bomba, maji yanamchuruzika kidevuni.

"Mbona umeniita?" Milembe alimuuliza.

"Nikuite na maji mdomoni, Kepteni? Jua limekuchoma kichwa."

Wote walicheka. Kocha alisema mpira umegonga nguzo, ingawa kona ile haikuwa na nguzo. Milembe naye alicheka, ila pua yake ilikuwa imeshika harufu ya udongo mweusi wa mbuga unapoguswa na mvua ya kwanza. Ilikuwa Julai, pamba imetandazwa juani kila ua, na mvua ilishasahaulika.

Kocha wao, Mwalimu Selestini, alifundisha shule ya msingi miaka mingi kabla ya kufundisha kikapu. Kwa sababu ya jua lile alikuwa amewazoesha wasichana wake kucheza kwa masikio. Aliwafunga vitambaa machoni, akawataka watupiane mpira kwa kufuata sauti tu. "Anayeita apewe," alikuwa akisema. "Usimtafute. Mpe." Timu za wageni zilipokuwa zinakinga macho kwa viganja, Korongo walikuwa wanapeana pasi kama watu walioko kivulini.

Na sauti waliyoiamini kuliko zote ilikuwa ya Anifa. Alikulia Malampaka, karibu na stesheni, akiuza maandazi ya mama yake kwenye madirisha ya treni, kwa hiyo alijua kupaza sauti ikapita juu ya kelele za chuma. Akisema "Hapa!" hata mlinzi wa maghala aligeuka.

Msimu ule haukuwa wa mchezo. Mzee Gharib, mnunuzi wa pamba aliyekuwa akiwalipa mishahara, alikuwa amewaambia waziwazi: mkipanda daraja, kila mmoja atapata mkataba mpya, msipopanda, nafunga timu.

Mechi ya kwanza walikuwa nyuma mpaka robo ya mwisho. Jua likashuka. "Hapa!" sauti iliita kona ya kushoto, na Milembe akarusha. Kwa pembe ya jicho alimwona Anifa upande wa kulia kabisa, amezibwa na wachezaji wawili. Alikuwa amechelewa, mpira ulishatoka mikononi. Ukarudi, Winnie akafunga, watu wakapiga kelele. Katika mwanga ule nani angeweza kusema ameona nini? Walisema tu kwamba yule Anifa ana miguu ya swala.

Baada ya mechi Milembe alimvuta Winnie pembeni.

"Umemwona aliyekupa?"

"Sikuona kitu. Jua." Winnie aliangalia viatu vyake. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mpira ulikuwa wa baridi, dada. Kama umetoka kisimani. Lakini tumeshinda, si ndiyo? Usianze maneno."

Milembe hakuanza maneno. Mechi iliyofuata akarusha tena, safari hii akijua. Wakashinda. Walikwenda Geita, kwenye uwanja ambao jua halikusumbua mtu, na sauti ilikwenda nao. Wakashinda na huko.

Wakati huohuo Anifa alianza kukohoa. Walimpa tangawizi, wakampa asali ya Bukundi. Sauti ikawa ya mikwaruzo, halafu ikawa nyembamba, halafu ikawa mnong'ono. Daktari alimmulika kooni akasema koo ni safi kabisa, apumzike kuongea. Uwanjani akawa anaita na hakuna anayemsikia. Mipira ilikuwa inampita kuelekea kona ya kushoto, ambako sauti yake mwenyewe, nzima, ya kung'aa, ilikuwa inaita bila kuchoka.

Jioni moja, katika nyumba ya timu mtaa wa Malambo, Anifa alitaka kumsalimia mama yake. Kwa kuwa hakuweza kusema, Milembe alishika simu, akaweka spika.

"Mama Asumini, shikamoo. Ni Milembe. Anifa yupo hapa, koo linamsumbua kidogo."

"Marahaba, mwanangu. Koo gani tena?" Mama yake Anifa alisikika akishangaa. "Jana magharibi si alikuwa huku? Kaniita nje ya ua, mama, mama, sauti safi kabisa. Nikatoka na taa, simwoni. Mwambie huo si utani mzuri. Nimezunguka uani mpaka nimeogopa."

Anifa alishika mkono wa Milembe, akaubana.

"Uliitika, mama?" Milembe aliuliza.

"Mtoto akikuita utaacha kuitika? Niliitika. Akaniuliza mlango uko upande gani."

Baada ya simu kukatika, kupitia dirishani, ile harufu ya udongo uliolowa iliingia chumbani polepole, ikapita juu ya vitanda, ikatulia karibu na mto wa Anifa kama mtu aliyekuja kukaa.

Kesho yake walikwenda kwa Ustadhi Abdulkarimu, aliyekuwa na duka la spea za baiskeli sokoni. Watu walimjua kwa kusomea wagonjwa. Aliwakalisha nyuma ya duka, kati ya matairi yaliyoning'inia, akamsomea Anifa kwa muda mrefu. Anifa hakutikisika, hakupiga kelele. Ustadhi akafunga kitabu chake, akajifuta uso.

"Huyu hana kitu ndani yake," alisema. "Namsomea mzima. Huyo jini wenu anasimama wapi?"

Milembe akamweleza yote. Kona, pasi, baridi ya mpira. Alieleza hata lile ambalo lilimwia vigumu, kwamba alijua na akaendelea kurusha.

"Basi sikiliza, binti. Jini huyo anaita kwa sauti ya mwenzenu, nanyi mnamjibu. Kila mkimjibu mnamshuhudia kwamba yeye ndiye Anifa. Na huyu hapa akiita hamumjibu. Sasa nani ni nani?"

"Tuache kucheza?" Milembe alinong'ona.

"Mkiacha ataondoka na alichokwisha kuchukua. Ni lazima aite, mbele ya macho yenu, na asijibiwe hata mara moja, toka mwanzo mpaka jua lizame. Na huyu ajibiwe kila akiinua mkono. Mtaweza?"

Mechi iliyobaki ilikuwa ya mwisho, dhidi ya timu ya Mwanza. Atakayeshinda ndiye anayepanda daraja.

Mwalimu Selestini alisikiliza habari hiyo akiwa ameshika filimbi yake. Aliiamini misa ya Jumapili, hakupenda mambo ya majini.

"Mnataka nimchezeshe mchezaji asiyeweza kuita, halafu mpira mumpe yeye tu? Tutafungwa, Milembe. Wenzako kumi na mmoja watarudi nyumbani. Wewe mwenyewe utarudi kuvuna pamba."

"Mwalimu, mama yake ameulizwa mlango uko wapi."

Winnie, ambaye siku zote alikuwa na neno, alisema taratibu, "Mimi nilikula hizo pasi, Mwalimu. Nyingi. Acha nikose moja kwa ajili yake."

"Haya," Mwalimu alisema mwishowe. "Siku hiyo msitumie masikio. Tumieni macho, hata yakichomeka."

Siku ya mechi watu walijaa mpaka juu ya paa za maghala. Ustadhi alikaa benchi kati ya wachezaji wa akiba, tasbihi mkononi, na watoto wakamcheka wakidhani ni kocha mpya. Mchezo ukaanza. "Hapa!" sauti iliita. Milembe akaipuuza, akampa Anifa, Anifa akafunga. "Hapa!" Akaipuuza tena.

Mpaka robo ya tatu jini aliita kama mchezaji anavyoita. Kisha jua likashuka, likawaingia machoni, na sauti ikabadilika. Ikaanza kubembeleza. "Milembe, dada, mbona hunioni?" Ikacheka kicheko kilekile cha Anifa cha bombani. Ikalia. Winnie alikuwa anacheza huku machozi yanamtoka, anarudia peke yake, "Sisikii, sisikii." Harufu ya mvua ikawa nzito kiasi kwamba watu kwenye paa walianza kutazama mbingu, na mbingu haikuwa na hata kipande cha wingu, na Milembe, ambaye macho yake yalikuwa yamejaa jua na jasho, aliona kwenye saruji ya kona ya kushoto alama za miguu iliyolowa zikitokea moja baada ya nyingine, zikimsogelea, vidole vikiwa virefu kuliko vidole vya mtu, na juu ya alama zile hapakuwa na kitu chochote ila sauti ya rafiki yake ikimwambia kwa upole kabisa kwamba mpira mmoja tu unatosha, mmoja tu, nao watapanda daraja, na hakuna atakayerudi kijijini, na Anifa mwenyewe atazoea kunyamaza kwa sababu watu huzoea kila kitu.

Walikuwa nyuma kwa pointi moja. Sekunde zilikuwa zinaisha. Chini ya goli palikuwa wazi, na kutoka hapo hapo sauti iliita, "Hapa!" Mikono ya Milembe iliyozoeshwa msimu mzima ikaanza kwenda yenyewe. Akaizuia. Akageuza uso wake moja kwa moja kwenye jua, akatafuta, macho yakiungua, mpaka akaona mkono mwembamba umeinuliwa mbali, nyuma ya walinzi wawili.

Akampa Anifa.

Anifa aliruka, akarusha. Mpira uligonga chuma, ukazunguka, ukazunguka tena, ukatoka.

"Aaah!"

Ilikuwa ni sauti ya Anifa. Ilikuwa mbaya, ya mikwaruzo, kama mlango wa bati unaovutwa, lakini ilikuwa yake, na ilitoka mdomoni mwake. Filimbi ya mwisho ikalia. Mpira uliotoka kwenye chuma ulidunda kuelekea kona ya kushoto, ukapita pale, ukagonga wavu wa kuku na kusimama. Haukurudi. Jua lilikuwa limezama. Wachezaji wa Mwanza walikuwa wanarukaruka kwa furaha na hawakuelewa kwa nini wasichana waliofungwa wamekumbatiana wakilia na kucheka, huku mzee mwenye tasbihi akivua viatu vyake pembeni ili aswali.

Mzee Gharib alitimiza neno lake. Timu ilifungwa. Milembe yuko Lagangabilili, na msimu wa pamba mikono yake mirefu inajaza gunia kuliko ya wenzake. Winnie anafundisha watoto kikapu shuleni, na hawafungi vitambaa machoni. Anifa alirudi Malampaka kwa mama yake.

Sauti yake haikurudi yote. Anaongea taratibu, kwa mikwaruzo, na kabla ya kukujibu anapumua kwanza. Wateja wa maandazi wamezoea kumsubiri. Lakini zipo jioni, hasa kiangazi, ambapo yeye na mama yake wamekaa ndani wanakula, na nje ya ua mtu anaita kwa sauti safi, changa, ya kung'aa. Mama Asumini humtazama binti yake, Anifa humtazama mama yake, na hakuna anayeitika. Baada ya muda panakuwa kimya, na udongo wa uani unanuka mvua.

Huenda siku moja ukashuka stesheni ya Malampaka ukitaka kumsalimia. Nakuomba basi ukumbuke jambo moja tu: ukibisha hodi nyumbani kwake, subiri. Anifa hukawia kujibu. Akikujibu upesi, tena kwa sauti nzuri, usiingie.