Chafya ya Pili

Jepkoech alikuwa jirani ya nyanya yangu kwenye shamba la mzungu mmoja upande wa Molo, miaka ile ya hamsini. Nyanya hakuwa mtu wa kutunga maneno. Alipokosa la kusema alinyamaza. Haya nayaeleza kama alivyonieleza, na anayetaka kucheka acheke, mradi asicheke siku ya ukungu.

Ilikuwa siku ya kawaida. Jepkoech alichuma maua ya pareto tangu asubuhi, na alipokuwa akirudi nyumbani akamkuta mwanawe Kiprugut amelala mtaroni, mdomo wazi, shati likinuka pombe ya chang'aa. Hilo nalo lilikuwa la kawaida. Alimshika makwapani, akamburuta hadi ndani, akamwosha tope miguuni. Mguu wa kushoto ulikuwa na vidole vinne. Kile kidogo kilikatwa na panga utotoni, na mama mtu ndiye aliyemfunga kidonda kwa kitambaa chake cha kichwa.

Msidhani alikuwa kijana mbaya. Alipokuwa mzima alikuwa mcheshi, mikono yake hodari kwa ng'ombe. Lakini kulikuwa na sauti kichwani mwake, na ili kuzinyamazisha alikunywa. "Nikinywa wananyamaza, mama," alisema. Pombe ilipomtoka zilirudi, tena zikiwa zimeongezeka, naye akazidisha pombe. Alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili Nairobi, akarudi ametulia, ananenepa. Kikombe kimoja tu cha chang'aa kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi, na yote yakaanza upya. Aliuza mbuzi wa mamake. Akauza na sufuria, ugali ukiwa bado ndani. Wanawake wa kanisani walimtupia Jepkoech methali, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, kisha wakamwomba awaazime jembe.

Hata hivyo mama na mwana walikuwa na mchezo wao. Kila alipolewa Kiprugut aligonga mlango mara mbili na kusema, "Mama, fungua. Mzigo wako umefika." Jepkoech, hata awe amefura kwa hasira, alijibu, "Ingia. Ndovu hashindwi na mkonga wake." Ndipo alipofungua.

Siku hiyo Kiprugut aliamka kitandani, akamtazama mamake kwa macho mekundu.

"Wamesema nichome nyumba ukiwa ndani," alinong'ona. "Nimekataa, mama. Lakini nimechoka kukataa."

Jepkoech hakulia. Alijifunga leso kiunoni, akaenda kwa Kogo Chepngeno, yaani Bibi Chepngeno, mkunga mzee aliyempokea Kiprugut siku ya kuzaliwa.

Kwa Wakipsigis, mtoto akizaliwa wanawake humtajia majina ya waliokufa katika ukoo, moja baada ya jingine, ugoro kidogo ukiwa puani mwake. Jina litakalotajwa akapiga chafya, basi mwenye jina hilo ndiye aliyerudi. Kiprugut alikuwa amepiga chafya kwa jina la mjomba wa babake, mtu aliyeingia msitu wa Mau akizungumza peke yake na hakutoka tena. Jepkoech hakuwahi kulisahau jambo hilo, ingawa alibatizwa na alijua nyimbo zote za kanisa.

"Nataka tumwite mwingine," alisema. "Tumwite Kimutai, babu ya marehemu mume wangu. Alikuwa mtu wa heshima, hakuonja pombe maisha yake yote."

Kogo alitikisa kichwa. "Wewe, hiyo kitu haichezewi. Kwa mtoto mchanga nyumba ni tupu, anayeitwa anaingia. Huyu wako ni mtu mzima. Ukiingiza mwingine, aliye ndani ataenda wapi?"

"Aende zake huko msituni alikotoka! Mimi nataka mwanangu."

"Na kama aliye ndani ndiye mwanako?"

Jepkoech alimshika mzee mkono, akamwinua. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na nani angemlaumu? Mimi simlaumu.

Walipofika, ukungu ulikuwa umeshuka. Ulikuwa mchana bado, lakini zizi halikuonekana kutoka mlangoni. Kiprugut alikuwa amelala tena. Kogo alimtia ugoro puani. Jepkoech akaanza kutaja majina.

Akataja la kwanza. Kimya.

La pili. Kimya.

Mbwa aliyekuwa chini ya kitanda alitoka, akaenda nje bila kutazama nyuma. Jepkoech aliendelea. Alitaja wazee wa ukoo wa mumewe, kisha wa ukoo wake. Kiprugut akafumbua macho. Hayakuwa ya mlevi. Yalikuwa macho ya mtoto aliyeogopa.

"Mama, usiite. Wako wengi mlangoni."

"Nyamaza, mwanangu. Karibu tumalize."

"Jepkoech, inatosha," Kogo alinong'ona.

Kimutai alikuwa amebaki. Jepkoech alivuta pumzi ili alitaje jina lake.

Kiprugut akapiga chafya.

Nje, miguu mitupu ilisikika ikitembea kwenye tope. Ilitoka mlangoni, ikaelekea msituni. Polepole. Kisha haikusikika tena.

"Kimutai amekuja," Jepkoech alisema, machozi yakimtoka kwa furaha.

Kogo alikuwa amesimama, mgongo ukutani. "Hukuwa umemtaja. Hukuwa umefungua mdomo. Nani amekuja?"

Kijana aliketi kitandani. Akajipangusa pua. "Hamjambo," alisema, kwa adabu. Akaomba maji ya kunawa.

Kuanzia siku hiyo Jepkoech alikuwa na mwana ambaye kila mama angemtamani. Aliamka mapema kukamua. Hakunywa. Hakuongea peke yake. Nyapara alimsifu, kanisani wakamkaribisha viti vya mbele, na wale wanawake wa methali sasa walimletea Jepkoech mayai. Alilala usiku kucha, jambo alilokuwa amelisahau. Lakini mbwa hakurudi ndani. Na kijana hakucheka, wala hakugonga mlango. Ungemkuta tu ameshaingia.

Jioni moja Jepkoech alimwona akinawa miguu barazani. Alisimama akatazama. Akatazama tena. Mguu wa kushoto ulikuwa na vidole vitano.

Kijana aliinua uso. "Kuna nini, mama?"

"Hakuna," alisema.

Siku iliyofuata kijana alivaa viatu vya gambuti, na tangu hapo hakuna aliyeiona miguu yake.

Ukungu ulirudi msimu wa mvua. Alasiri moja Jepkoech alikuwa akitikisa kibuyu cha maziwa, naye kijana ameketi kwenye kigoda karibu na moto, akisuka kamba.

Mlango ukagongwa. Mara mbili.

"Mama, fungua. Mzigo wako umefika."

Ilikuwa sauti ya baridi, sauti ya mtu aliyelala nje siku nyingi. Ulimi ulikuwa mzito kwa ulevi. Jepkoech aliinuka, kibuyu kikamtoka mkononi, maziwa yakamwagika hadi kwenye jivu.

Kijana hakuacha kusuka. "Huyo akiingia, mimi natoka," alisema taratibu. "Na hizo sauti zake ataingia nazo. Chagua, mama."

Jepkoech alifika mlangoni. Akaweka mkono kwenye komeo.

Alikumbuka mbuzi. Alikumbuka mtaro, na yale maneno ya kuchoma nyumba. Alikumbuka pia kitambaa chake cha kichwa kikilowa damu ya kidole kidogo. Alimtaka mwanawe kwa moyo wote, na alikuwa amechoka kwa mwili wote. Aliyekuwa nje alikuwa akingoja jibu lake, lile analolijua. Mdomo wa Jepkoech ulikataa kufunguka.

"Mama?" ile sauti iliuliza.

Kisha miguu ikaondoka.

Ndipo alipovuta komeo. Akakimbia nje akipiga kelele, "Ingia! Ingia, mwanangu!" Nyanya alimsikia kutoka kwake, akadhani nyumba inaungua. Alimkuta amepiga magoti topeni, ameshika ardhi kwa mikono miwili. Nyayo zilifika mlangoni zikarudi msituni. Za mguu wa kushoto zilikuwa na vidole vinne.

Siku hiyo Jepkoech aling'oa komeo, na tangu hapo alilala mlango ukiwa wazi, mvua ikimnyeshea. Kila mtu aliyepita siku za ukungu alimsikia akisema lile jibu, tena na tena, bila kuulizwa. Hakugongewa tena. Kichomi kilimchukua kabla ya mwaka kwisha. Yule kijana alimuuguza vizuri sana, akamzika vizuri sana, akawashukuru wageni mmoja mmoja.

Asubuhi baada ya mazishi, nyanya alipeleka maua kaburini. Udongo ulikuwa bado mbichi. Mtu alikuwa amezunguka kaburi mara nyingi, miguu mitupu, wa kushoto vidole vinne. Mbele ya msalaba, magoti mawili yalikuwa yamezama udongoni, na juu ya kaburi, upande wa kichwa, palikuwa na alama mbili za ngumi, kama za mtu aliyebisha hodi.

Nyanya aligeuka. Kijana alikuwa amesimama nyuma yake na gambuti zake. Alichukua jembe, akasawazisha udongo wote, akanawa mikono, kisha akauliza kama chai iko tayari.