Sakafu ya Debe

Ya kale ni dhahabu, husema watu. Aliyeanza kusema hivyo hakuwahi kulala chali chini ya gari la kale, kutu ikimdondokea machoni. Ya kale ni kutu mpaka yapigwe msasa, na mtu asiyetaka uupitishe huo msasa, huyo mtazame mara mbili.

Nati alikuwa darasa la sita, na maisha yake yalinuka ngozi na gundi. Kila siku akitoka shule alivua sare, akala kilichofunikwa mezani, kisha akaketi kwenye kigoda na kisu kidogo, akifumua nyuzi za viti vikuukuu vya magari. Mama yake alikuwa fundi wa kushona viti hivyo. Sebuleni kwao hapakuwa na kochi. Palikuwa na viti viwili vya basi, kimoja cha lori, na kimoja cha teksi kilichovunjika mgongo, vyote vikingoja kuvikwa upya. Mgeni akija, aliambiwa achague safari.

Jina la Nati alipewa na mjomba wake, kaka mkubwa wa mama, aliyekuwa na gereji mtaa wa pili. "Kadogo, kagumu, kakishakazwa hakalegei," alisema. Yeye mwenyewe watu walimwita Spana. Alikuwa na mikono mikubwa na sauti kubwa zaidi, na hakuweza kukaa na dada yake saa nzima bila ugomvi.

"Wewe unavisha viti nguo," alimkebehi. "Gari ni injini, mdogo wangu."

"Na injini yako dereva ataiendesha amesimama?" mama alimjibu.

Jumapili hiyo walikuwa wamenuniana siku ya nne, lakini mama alikuwa na haja naye. Alitaka kununua gari la mwalimu mstaafu wa mtaa wa juu, lile la zamani lenye mabega ya mviringo, taa kama macho ya bundi, na bampa ambazo ungeweza kujitazama ukachana nywele. Alilitamani tangu akiwa msichana. Sasa alikuwa na mpango nalo: kubeba maharusi.

"Gari jipya kila mtu analo," aliwaambia watoto njiani. "Bibi harusi anataka gari la kufanya watu wasimame barabarani."

"Watasimama kweli," alisema kaka yake Nati. "Kulisukuma."

Huyo kaka alikuwa na miaka kumi na minne. Walimwita Tajiri kwa sababu hakuwa na kitu chochote ila maoni.

Uani kwa mwalimu, Spana alilizunguka gari mara moja, akafungua boneti, akaifunga, akagonga mlango kwa kifundo cha kidole. "Chuma hiki! Si haya makopo ya siku hizi."

"Sakafu yake ilikuwa imeliwa na kutu," mwalimu alisema. Alikuwa mtu wa kusema kweli hata ikimharibia soko. "Lakini kaka yako ameibadilisha yote mwezi uliopita."

"Bati nene, nimelichomelea toka mbele mpaka nyuma," Spana akasema na kujipiga kifua. "Tembo acheze humo ndani."

Mama alimwangalia kaka yake. Waligombana kwa kila jambo, lakini kuhusu kazi ya mikono hakuwahi kumtilia shaka. Akaitikia kwa kichwa.

Wakati huo Nati alikuwa amejipenyeza nyuma ya kiti cha dereva. Alifunua kapeti aone kiti kilivyofungwa. Chini yake palipakwa lami nyeusi, na pembeni lami ilikuwa imebanduka kipande cha ukubwa wa kiganja. Hapo pakachungulia ua la alizeti, la njano, limechapwa vizuri. Nati alilifahamu ua hilo. Lilikuwa kwenye kila debe la mafuta ya kula, na madebe yenyewe mjomba aliyakata kwa mkasi kila siku, akatengeneza faneli na visahani vya kuwekea bolti. Chuma kinene hakioti maua.

Kiatu kikubwa kikashuka juu ya kapeti, nusura kimkanyage vidole.

"Funika," Spana alisema kwa sauti ya chini.

"Mjomba, hili ni debe."

"Debe, sufuria, wewe inakuhusu nini? Umekuwa mkaguzi?" Akainama, uso wake karibu na wa Nati. "Sikiliza. Siku gari likibeba bibi harusi wa kwanza, nitaendesha mimi, na wewe utakaa mbele kando yangu. Honi utapiga wewe, tangu kanisani mpaka ukumbini. Hao wenzako wanaokuita Binti Gundi wakuone. Lakini mdomo huo, ufunge."

Nati aliutazama usukani mwembamba na honi yake ya duara inayong'aa. Aliwafikiria wasichana wa darasa lake, jinsi walivyoziba pua alipopita. Akakirudisha kipande cha kapeti mahali pake.

Jioni hiyo gari likawa lao.

Siku tatu zilizofuata, mama alilala akiliota na kuamka akiliosha. Majirani walikuja kulishika. Familia moja ikalikodi papo hapo kwa harusi ya Jumamosi. Nati peke yake ndiye aliyelipita kwa mbali, kama mtu anayempita mbwa asiyemwamini. Chakula kilimgeuka pamba mdomoni.

Jumatano alasiri mama aliwaita wanawe na Spana kwenye kikao cha matengenezo. Aligeuza karatasi ya kalenda ya mwaka uliopita, akaitandaza juu ya meza ya kukatia ngozi, akashika kalamu.

"Namba moja, viti," alisema. "Ngozi ya rangi ya maziwa, mishono ya almasi."

Ndilo kosa la mafundi wengi. Huanza na kile wanachokijua, na wasichokijua hukiacha kijipange chenyewe.

"Namba mbili, rangi."

"Nyekundu!" Tajiri akadakia.

"Nyekundu ya nini? Tunazima moto?" mama alisema, akaendelea kuandika.

"Namba tatu, bampa. Namba nne, redio."

"Na breki?" Nati akauliza.

"Breki zipo," Spana akasema huku akichokonoa meno. "Zinakamata."

"Zinakamata nini, mjomba? Nzi?" Tajiri akauliza, akapigwa kofi la kisogo.

Mama hakucheka. "Breki, namba tano," akaandika. "Kaka, nipe bolti nne mpya. Kiti cha dereva nakifunga leo leo, Jumamosi si mbali."

Spana akatoa bolti mfukoni, akazipanga mezani moja moja. Nati alizitazama. Bolti nne nzuri, nene, za kufungwa kwenye debe la mafuta. Barabara ya kwenda ukumbini ilishuka mlima wote mpaka darajani. Aliona kiti kikichomoka pale mteremkoni, mjomba akishikilia usukani hewani, na bibi harusi nyuma yake akipiga kelele.

"Mama, namba moja ni sakafu."

"Sakafu ni mpya."

"Si mpya. Ni debe. Lina ua la alizeti."

Kalamu ya mama ilisimama. Spana alisimama pia, kwa kishindo, kiti cha teksi kikaanguka nyuma yake.

"Mtoto gani huyu! Unaniita mwongo ndani ya nyumba ya dada yangu?"

"Nimesema debe, mjomba. Neno mwongo umelisema wewe."

"Nati!" mama alifoka. "Adabu! Unaongea na nani?"

"Umemdekeza kama yai," Spana alinguruma, "sasa ameangua joka. Mimi nimemsafisha uchafu huyu, nimembeba mgongoni, leo ananivua nguo mbele ya kaka yake! Mchape, au nitamchapa mimi."

"Malezi yangu yaache!" mama akamgeukia. "Na wewe, Nati, mwombe mjomba wako radhi, sasa hivi."

"Njoo uone kwanza, mama."

"Nimesema omba radhi!"

"Njoo uone kwanza."

Mama alinyanyua mkono. Kisha akamwona kaka yake. Spana alikuwa amehamia mlangoni, mikono ameitanua kushika miimo yote miwili, kama kipa wa penalti. Mama aliushusha mkono polepole.

"Kama ni chuma," alimuuliza, "mlango unauziba wa nini?"

Mama akapita chini ya kwapa lake.

Uani alifungua mlango wa gari, akang'oa kapeti lote kwa mvuto mmoja, akalitupa. Tajiri, aliyetaka kuona kila kitu kabla ya wengine, alijipenyeza chini ya gari. Mama akaweka ncha ya bisibisi juu ya lami, akaisukuma kwa kiganja. Haikugonga. Ilizama mpaka kwenye mpini, kama kisu kwenye papai.

"Mama!" Tajiri alipiga yowe huko chini. "Nusura unitoboe pua!"

Mama akalikwangua eneo lote kwa mkasi wake wa ngozi. Yakaonekana maua mawili, matatu, bustani nzima.

"Kaka," aliita, na sasa sauti yake ilikuwa ya chini kuliko walivyoizoea, "hii ndiyo sakafu ya tembo?"

"Mwezi ule bati nene lilikuwa halipatikani," Spana alisema, macho yakiwa kwenye magurudumu. "Nikasema nizibe kwanza, nitakuja kulirudia. Lami ikishapita juu, nani angeona?"

"Dereva angeona. Angeiona barabara katikati ya miguu yake! Ukamdanganya mwalimu wa watu, sawa, hakuzaliwa na mama yako. Na mimi?"

"Ningesema vipi? Niseme kazi yangu ni mbovu?"

"Ndiyo! Hivyo hivyo! Maneno matatu, kazi yangu mbovu, yamekukwama kooni mpaka ukawa tayari kuua mtu?"

Alipomaliza naye, alimgeukia Nati, na uso wake haukuwa umelainika hata kidogo.

"Umejua lini?"

"Jumapili. Tulipokwenda kuliona."

"Leo Jumatano. Kwa nini hukusema?"

"Mjomba aliniahidi kiti cha mbele. Na honi."

"Honi." Mama alilitafuna neno hilo, akalitema. "Mama yako angefunga kiti juu ya debe, na wewe unafumua nyuzi pembeni yake, unawaza honi."

Machozi yalimtoka Nati, lakini hakuinamisha uso. "Nimekosa, mama. Ilinipasa kusema palepale, mbele ya mwalimu. Nisamehe."

Mama alimpita. Alirudi ndani, akaichana karatasi ya kalenda, akachukua simu na kuwapigia wenye harusi. Jumamosi hakuna gari, watafute jingine mapema. Sauti zilitoka kwenye simu kama nyuki waliochokozwa. Mama aliishika mbali na sikio, akangoja wachoke. "Nitukaneni," alisema. "Afadhali nitukanwe leo na bibi harusi mzima." Akakata.

Karatasi ya pili ilikuwa fupi. Namba moja, sakafu: debe lote likatwe, liwekwe bati nene, na achomelee fundi wa kuchomelea wa mtaa wa tatu. Spana ashike taa tu, na akamweleze mwalimu kwa mdomo wake mwenyewe. Namba mbili, breki na mabomba yake yote. Namba tatu, usukani. Namba nne, matairi na mikanda. Alipofika kwenye viti, kalamu ilisita kidogo. Kisha akaandika chini kabisa, kwa herufi ndogo: viti, mwisho.

Kazi ya sakafu na breki ilichukua wiki mbili na matusi ya kutosha mwaka mzima. Spana alishika taa, akanung'unika, akashika taa. Siku ilipokamilika, mama alipanda ndani ya gari na viatu vyake vya kazi, akaruka mara tatu. Sakafu ililia kama kengele. Alishuka, akawasimamisha wote watatu ukutani.

"Gari hili halikuharibiwa na kutu peke yake," alisema. "Kutu ni kawaida, kila chuma hupata. Hatari ilikuja pale mmoja alipoifunika na mwingine aliyeiona akanyamaza. Na mimi niliyeanza na mapambo sijitoi humo. Basi sikieni. Kazi mbovu ukiifanya, itaje kabla haijajitaja yenyewe. Na hatari ukiiona, iseme siku hiyo hiyo, hata kama aliyeificha ni mkubwa wako, hata kama kunyamaza kuna zawadi. Mmenielewa?"

Waliitikia, Spana mwisho wa wote. Kisha akakohoa.

"Nimeelewa, na mwalimu nimemwambia," alisema. "Hilo limepita. Lakini kuna lililobaki. Huyu mtoto alinivunjia heshima. Alinisema mbele ya watu kama mwizi wa kuku. Mkubwa ni mkubwa. Aniombe radhi."

"Omba yaishe," Tajiri alimnong'oneza dada yake.

Mama alikunja mikono kifuani, akamtazama Nati.

Nati alisogea hatua moja mbele. "Shikamoo nitakuamkia kila siku, mjomba. Maji ya kunawa nitakuletea, na kifaa kikikuanguka nitakiokota. Kwa siku nilizonyamaza nilishaomba msamaha, nikamwomba mama, maana yeye ndiye niliyemkosea. Lakini kwa kusema, radhi siombi."

"Huombi?" Spana alinguruma.

"Siombi."