Pembeni mwa Picha

Ngazi za jengo lile la simu hazikujua kupumzika. Wa kupanda wanapanda, wa kushuka wanashuka, spika za maduka zinagombana kama wake wenza. Mchana huo kutoka juu alishuka kijana mwenye kamera shingoni. Kutoka chini alipanda binti mwembamba, gauni la njano, viatu vya bluu, kichwa amekinyoosha kama amebeba yai utosini. Ngazi zilikuwa pana za kupitisha kabati. Wakagongana.

Kamera ikapiga chuma cha ngazi, ka! Lenzi ikachomoka, kijana akaidaka kwa tumbo.

"Dada, hukuniona?"

"Na wewe uliyeniona, ukafanya nini?"

Watu wakaangua kicheko. Kijana naye akacheka, na hilo lilikuwa jambo, maana jengo zima lilimwita Usicheke. Alikuwa na chumba cha picha za vitambulisho ghorofa ya juu, na kutwa kazi yake ni kuwaambia wateja, "Tazama hapa, usicheke."

Binti naye alikuwa na jina la kupewa: Maringo. Fundi simu, meza ya karibu na mlango. Atakupita begani bila salamu kama amepita nguzo, lakini simama mbele ya uso wake uone anavyokuchangamkia. "Yule salamu zake za zamu," walisema.

Kitendawili, wajukuu zangu: nyumba yangu ina madirisha mawili, yakifungwa, dunia nzima imebaki nje. Jibu mnalo, ni macho. Msichokijua ni kwamba madirisha ya binti huyu yalikuwa yanajifunga taratibu, kuanzia pembeni kuja kati. Cha mbele alikiona, hata skrubu ndogo kama yai la chawa. Cha pembeni hakikuwepo. Aliyejua ni dada yake tu, muuza kava za simu kwenye meza hiyo hiyo. Fundi atatangazaje jambo kama hilo? Nani tena atamwachia simu yake?

Basi wakaenda mezani. Maringo akaigeuzageuza lenzi.

"Kioo kizima. Pete ya kuikamatisha ndiyo imevunjika meno."

"Utaitengeneza?"

"Kaka, mimi fundi simu. Ningekuwa fundi kamera ningekalia kiti chenye mgongo."

Usicheke, kwa kukosa la kufanya, akaishika lenzi kwa mkono mmoja mbele ya kamera, mkono wa pili kamera yenyewe. Akamwelekezea.

"Usitikisike."

"Anayetetemeka ni wewe."

Akaiinamisha lenzi kidogo, huku, kisha kule. Ncha ya bisibisi ikasimama wazi kama imechongwa sasa hivi. Vingine vyote vikayeyuka. Mwanga ukapenya pale lenzi isipogusana na kamera, ukamwagika shavuni mwa binti kama asali.

"Mama yangu!"

"Nini? Nimetoka vibaya?"

"Hujatoka. Umeingia."

Dada mtu akakohoa, akaanza kupanga kava zilizokuwa zimekwisha kupangwa.

Tangu siku hiyo Usicheke hakuitafutia lenzi ile pete nyingine. Za vitambulisho alipiga kwa lenzi ya akiba. Hii akaifanya ya mapenzi. Kila mchana alikuwa mezani, anajaribu: leo ameigeuza nyuma mbele, kesho ameisogeza mbali, kesho kutwa amekuja na kitambaa cheusi cha kuifunika shingoni.

"Hicho ni nini tena?" Maringo aliuliza.

"Soksi. Inazuia mwanga usiingie mwingi."

"Imefuliwa?"

"Hii imefuliwa. Mwenzake ndiyo sijui."

Na jioni simu, Maringo akianza.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Kitendawili."

"Tega."

"Ana jicho moja, hana chozi."

"Kamera!"

"Umekosa, nipe mji. Lenzi. Kamera bila lenzi ni kipofu tu."

Maringo akaishusha simu kutoka sikioni.

"Mpenzi, upo?"

"Nipo. Nimechoka. Lala salama, Usicheke wangu."

Alikata simu, akakaa kitandani anautazama mlango. Akiutazama mlango, kabati halipo. Akilitazama kabati, mlango hauko. Alitaka kumwambia. Kila akifungua mdomo, maneno yalirudi ndani kama kobe.

Siku moja Usicheke akaisafisha picha aliyoipenda kuliko zote, kubwa kama meza, akaitundika ukutani, akamwita. Maringo akapanda na gauni lile la njano, manukato yakitangulia.

"Fumbua macho sasa!"

Katikati ya picha, vidole vyake na bisibisi, wazi. Kuvizunguka, ukungu. Pembezoni, giza.

Maringo akashika ukuta. Kwa mara ya kwanza mtu mwingine alikuwa amemwonyesha kile anachokiona kila siku tangu alfajiri.

"Nani amekuambia?"

"Kuniambia nini?"

"Usinifanye mtoto! Ni dada?"

Maskini kijana akadhani amechukia kutoonekana sura. Akaleta utani, na utani saa mbaya ni chumvi kwenye kidonda. "Si ndivyo ulivyo? Kipande unaonekana, kipande hapana."

"Kumbe mimi ni kichekesho cha kutundika ukutani."

Akatoka. Bega likagonga fremu ya mlango; hakugeuka.

Simu yake ikazimwa. Usicheke akapiga mpaka kidole kikaona aibu. Akimwendea mezani anamkuta dada peke yake: "Hajisikii vizuri, shemeji. Mwache kidogo." Amwache vipi? Aliishusha ile picha, akaigeuza uso ukutani. Akatafuta nyingine, aliyowahi kupiga kwa lenzi ya akiba: meza nzima, kila skrubu inahesabika. Akasema moyoni, hii haina utani, hii itampatanisha nami.

Maringo aliporudi kazini, akamwekea mbele.

"Nisamehe. Tazama, hapa umetoka mzima. Na dada yako anavyocheka!"

Maringo akaishika. "Nimependeza," akasema polepole. "Dada yuko wapi?"

Usicheke akadhani anataniwa. Dada yuko pale, nusu ya picha, meno yote nje. Lakini Maringo alianza kukisogeza kichwa, kidogo kidogo, kidole kikimtangulia juu ya karatasi kama mtu anayetafuta sindano sakafuni, mpaka akamfikia. "Aa. Huyu hapa."

Dada akainamisha uso. Usicheke akakumbuka ngazi, salamu za zamu, fremu ya mlango. Akakaa juu ya boksi la chaja.

"Tangu lini?"

"Kabla yako."

"Twende kwa daktari."

"Nimekwenda. Kilichokwenda hakirudi, na kilichobaki kinafuata."

"Tutafute mwingine!"

"Mwingine alisema hayo hayo, ila kwa upole zaidi."

"Basi niambie nifanye nini."

"Hakuna, mpenzi. Ndiyo maana sikukuambia. Nilijua utauliza hivyo, na mimi sina jibu."

Mtu aliyezoea kufungua taa na kusogeza pazia mpaka uso wa mteja ukae sawa, leo hana taa ya kuwasha. Akaitoa ile lenzi mfukoni, akaiinua mbele ya kamera, kwa mazoea tu, kwa kukosa pa kuweka mikono. Machozi yakamharibia.

"Weka hiyo chini," Maringo akasema. "Imekujaza mikono yote miwili."

Akaiweka. Akamshika.

"Nioe mimi," akasema Usicheke, maneno yakimtoka kinyumenyume. "Yaani, nikuoe."

"Utamwoa mtu atakayekupita sebuleni bila salamu?"

"Nitasalimia mimi kwanza."

"Na siku hata uso wako utakapokuwa haupo?"

Usicheke akamvuta karibu. Akaendelea kumshika tu. Dada akajifuta machozi kwa kava la simu.

Jengo lilipofungwa wakashuka ngazi zilezile, watu wakiwapita huku na huku. Maringo akasita kwenye ukingo.

"Uko upande gani?"

"Kushoto."

Akapapasa, akaupata mkono, akaukaza.

"Basi kaa huko huko. Usihame."