Msaidizi wa Oketch

Asubuhi, kabla treni ya kwenda mjini haijafika, stesheni ya Mawegoni hujaa watu mpaka wengine husimama kwenye nyasi. Mabenchi ni machache na mengine yameng'olewa mbao, kwa hiyo aliyepata pa kukaa hukaa huku amebanwa pande zote. Ndiyo maana Apondi alishangaa, siku hiyo, kuona benchi zima likiwa tupu katikati ya umati. Watu walikuwa wamelizunguka kwa mbali kidogo, wameligeuzia migongo, na hakuna aliyeonekana kujua kwa nini.

Akalisogelea, mzigo wa mitumba kichwani. Mbao zilikuwa zimelowa. Hazikulowa kama zilizonyeshewa. Maji yalikuwa yakitoka ndani ya rangi yenyewe, tone kwa tone, kama jasho. Yalinuka maji yaliyolala, na ndani ya harufu hiyo kulikuwa na utamu wa mapera yaliyoiva kupita kiasi. Chini ya benchi mkebe wa makaa ulikuwa umezimika. Ulikuwa mkebe wa Kweyu, mzee aliyeuza njugu hapo tangu Apondi aolewe.

"Kweyu yuko wapi?" akamuuliza mama aliyesimama karibu.

"Aliitwa jana jioni."

"Na nani?"

Yule mama akanyoosha kidole juu bila kuinua macho. "Spika ilimtaja."

Apondi akaitazama. Spika ya stesheni ilining'inia kwa waya mmoja kwenye nguzo, mdomo wake umezibwa na kiota cha ndege. Haikuwa imetoa sauti tangu binti yake Winny akiwa chekechea, na sasa Winny alikuwa chuoni Kisumu.

Mume wake, Tobias Oketch, alikuwa mhudumu wa stesheni hiyo, na ndiye pekee aliyebaki. Wenzake walihamishwa, wengine wakastaafu, na hakuna aliyeletwa mahali pao. Tobias alikata tiketi, akapunga bendera, akafagia, akafukuza mbuzi. Waliishi kwenye kota za reli nyuma ya jukwaa, katika nyumba ya pekee iliyokuwa bado na paa. Alikuwa ameona paa la jukwaa likitoboka, choo kikifungwa kwa mnyororo, na taa zikiibwa moja baada ya nyingine mpaka zikaisha. Ila kilichomuumiza zaidi kilikuwa kivuko, ile njia ya ngazi iliyopita chini ya reli ili watu wa upande wa Huruma wavuke salama. Mtaro wake uliziba, maji meusi yakapanda hadi karibu na ngazi ya juu, na watu wakaanza kuruka reli. Kila msimu wa mvua treni iligonga mtu, na Tobias ndiye aliyekwenda kumfunika kwa gunia. Alipiga ripoti mpaka akachoka. Mara moja tu alikuja bwana mmoja mwenye kofia ya plastiki, akayapiga yale maji picha, akaondoka.

Halafu, mwanzoni mwa mvua za mwaka huu, Tobias alirudi nyumbani siku moja akiwa mchangamfu.

"Nyar Alego," akamwambia mkewe, yaani binti wa Alego, maana ndivyo alivyozoea kumwita, "nimepata msaidizi."

"Wamekuletea mtu hatimaye?"

"Hawajaleta. Amekuja mwenyewe."

"Anaitwa nani?"

Tobias akajikuna shingo. "Hajaniambia. Yeye ndiye huuliza majina."

Apondi hakuyatilia maanani, kwa sababu stesheni kweli ilianza kupendeza. Takataka zilitoweka. Kila alfajiri jukwaa lilikuwa limefagiwa, limebaki na michirizi mirefu ya maji isiyo na alama za ufagio. Nyasi zilifupika, ingawa aliyezitazama kwa makini angeona hazikukatwa, ziling'atwa. Abiria walimsifu Tobias, naye akatabasamu. Baadaye mbwa hawakuonekana tena, kisha panya, kisha hata kunguru, na watu wakasema afadhali.

Lakini baada ya kuliona lile benchi, Apondi alikaa siku nzima sokoni Gikomba bila kuita mteja hata mmoja. Alirudi na treni ya jioni, jua likiwa bado halijazama, akamkuta mumewe mlangoni. Suruali yake ilikuwa imelowa hadi magotini, na nyumba nzima ilinuka mapera.

"Kweyu ameenda wapi?" akamuuliza kwa sauti ya chini.

Tobias alikuwa amegeuza kichwa kuelekea jukwaani kama mtu anayesubiri kuitwa, na ndipo spika ikakohoa. Sauti iliyotoka ilikuwa ya upole, karibu sana na sauti ya Tobias mwenyewe, ila ilikuwa na maji ndani yake.

"Abiria Seth Musyoka. Tafadhali teremka chini."

Jukwaani palikuwa na mwanamume mmoja mwenye kofia na koti la kahawia aliyekuwa akisoma gazeti, na aliposikia jina lake alilikunja gazeti vizuri, akaliweka kwapani, akaanza kutembea kuelekea ngazi za kivuko kama mtu aliyeitwa dirishani kuchukua chenji yake, na Apondi akatupa mzigo akamkimbilia, akamshika mkono wa koti kwenye ngazi ya juu na kumvuta kwa nguvu zote alizokuwa nazo, lakini yule bwana alimgeukia kwa heshima, akamwambia, "Niache, mama, nimeitwa," akachomoa mkono wake taratibu, akashuka ngazi moja, kisha nyingine, na maji yakampokea magoti, kiuno, kifua na kofia bila kutoa sauti wala kufanya wimbi. Gazeti tu ndilo lililobaki likielea, na baada ya muda mfupi nalo likavutwa chini.

Apondi alirudi nyumbani. Tobias alikuwa ameketi kitandani, mikono juu ya magoti.

"Nilimtajia majina," akasema kabla hajaulizwa. "Aliniuliza abiria wangu ni akina nani, nikaona ni maongezi tu. Nakaa pale peke yangu kutwa, Nyar Alego. Miaka yote hii hakuna mtu wa ofisi aliyewahi kuniuliza chochote juu ya watu hawa. Yeye aliuliza. Alitaka kujua huyu anafanya kazi wapi, yule ana watoto wangapi. Nikamweleza."

"Mwambie aondoke."

"Nilimwambia. Alicheka kwa mdomo wangu."

Apondi akakaa sakafuni. "Umemtajia la mtoto?"

"Bado."

"Na langu?"

"Bado. Wewe watu wa hapa wanakuita Mama Mitumba tu." Akamtazama, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyeogelea mno. "Lakini anauliza."

Kwenye kituo cha polisi waliandika taarifa, wakasema wanaume wazima huondoka makwao kila siku. Mchungaji wao alikuja kumwombea Tobias, na katikati ya maombi Tobias akamalizia sentensi za mchungaji kabla mwenyewe hajazisema, zote, mpaka mchungaji akafunga Biblia na kutoka bila kuaga. Ndipo mfanyabiashara aliyemuuzia Apondi marobota akampeleka Eastleigh kwa mzee Gedi, Msomali aliyejulikana kwa kutoa majini.

Gedi alikuja mchana kweupe baada ya sala ya alasiri. Alikuwa mzee mwembamba mwenye kikohozi. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Hapa asitaje mtu jina." Alisimama juu ya ngazi za kivuko akasoma aya kwa muda mrefu, Tobias akiwa kando yake. Maji yalianza kutetemeka kama sufuria inayokaribia kuchemka. Kisha Tobias akafungua mdomo, na sauti ikatoka mdomoni mwake na kwenye spika kwa pamoja.

"Unanitoa wapi, mzee? Hapa ni kwangu."

"Hapa ni pa binadamu," Gedi akasema. "Binadamu walipajenga."

"Wakapaacha. Niliwasubiri. Taa ya mwisho ilipozimika nilisubiri mtu aje aiwashe, hakuja. Huyu mmoja aliyebaki alikuwa analia. Nikamfuta machozi, akanikaribisha."

Gedi akaendelea kusoma mpaka jasho likamshuka ndevuni, kisha akaacha. Akamvuta Apondi hadi nje ya uzio.

"Mama, mimi sikufichi," akasema. "Jini akivamia nyumba yako, namtoa, kwa sababu nyumba ina mwenyewe. Huyu hakuvamia. Nyumba ilikaa wazi akaingia. Yakitolewa haya maji, taa zikawashwa, watu wakarudi kupita mle ndani asubuhi na jioni, hapo nitakuja nimtoe, na atatoka. Bila hivyo nitasoma mpaka nife."

"Na mume wangu?"

"Mtoe leo, kama bado anatoka."

Walijaribu. Gedi alimshika mkono mmoja, Apondi mwingine, wakampitisha langoni. Hatua chache tu nje ya uzio Tobias aliinama akatapika maji meusi, mengi kuliko tumbo la mtu linavyoweza kubeba, na alipokuwa hawezi tena kuvuta pumzi walilazimika kumrudisha ndani. Jukwaani akapumua vizuri. Gedi alikataa bahasha ya Apondi. Akaondoka akiwa ameshika ukuta.

Kesho yake Apondi alivaa nguo za kanisani akaenda ofisi kuu mjini. Alipokelewa na kijana wa tai, mtu mwema, aliyemvutia kiti na kumsikiliza mpaka mwisho. Hakumwambia habari za jini. Alimwambia habari za maji, taa na kivuko.

"Mawegoni?" kijana akasema, akibonyeza kompyuta yake. "Mama, kwa kweli hiyo ndiyo stesheni yetu ya mfano siku hizi. Abiria wanatuandikia kuisifu. Usafi, utaratibu, hata matangazo ya spika. Hebu ona." Akamgeuzia skrini.

"Spika ya pale haina umeme," Apondi akasema.

"Basi mzee wako ni fundi pia." Akacheka kidogo, kisha akaona uso wa Apondi akaacha. "Pesa za marekebisho ni kidogo, mama. Tumezipeleka kwa zile zenye hali mbaya. Yenu itaangaliwa, lakini siwezi kukudanganya kuwa ni mwaka huu."

Apondi alimshukuru. Alikaa kwenye ngazi za nje ya ofisi ile hadi askari wa mlangoni akamwomba asogee.

Alihamisha vyombo vyake akapanga chumba Huruma. Winny alipopiga simu kusema chuo kinafunga, alimwambia apitilize moja kwa moja hadi kwa shangazi yake Komarock.

"Na Dad je?" Winny akauliza. "Simu yake haishiki."

"Kazi nyingi. Usiende stesheni, mwanangu. Hata kama mimi ndiye nitakayekuita, usiende."

"Mum, unaniogopesha."

"Ndivyo ninavyotaka."

Kila Jumapili mchana, siku ambayo treni hazipiti, alimpelekea Tobias ugali na omena. Kila mara alimkuta amepungua. Ngozi yake ilikuwa ikipauka na kukunjamana kama vidole vya mtu aliyefua nguo kutwa. Alikula kidogo, akamwita Nyar Alego, akamuuliza habari za soko. Jumapili nyingine akamwita "mama" tu, na Apondi akajiambia ni uchovu. Spika iliendelea kuita. Hakuna aliyejua imeita wangapi, kwa sababu waliobaki walipanda treni yao wakaenda kazini, na jukwaa lilikuwa safi.

Mara ya mwisho alimkuta amesimama ukingoni mwa jukwaa. Alimtazama Apondi akija, akakunja uso kama anayetafuta kitu alichokiweka mahali.

"Wewe ni mtu wangu," akasema. "Sivyo? Nakujua kwa uso."

"Mimi ni mke wako. Mimi ni..."

Tobias alimziba mdomo kwa kiganja. Kilikuwa baridi, na maji yakamtiririka Apondi kidevuni.

"Usitaje," akamnong'oneza sikioni, haraka haraka, akitazama ngazi za kivuko. "Nisikilize, amelala kidogo. Nilikuwa na mtoto. Msichana. Ananiuliza jina lake asubuhi na jioni, hanigombezi, ananiuliza tu, na mimi nachoka. Kwa hiyo nikaanza kusahau. Nilijizoesha na jina la mama yangu kwanza, likatoka. Nikaja kwa lako, likatoka. La mtoto ndilo lililokataa. Nimelisukuma, nimelisukuma. Juzi limetoka." Akatabasamu, na kwa muda mfupi alikuwa Tobias kabisa. "Sasa hana cha kuchukua kwangu. Usinirudishie. Na usije tena hapa, maana nikikuona nitaanza kukumbuka."

Akaondoa kiganja. Apondi alitaka kumshika, akaona akimshika hatamwachilia, na akimlilia atamwita kwa majina yote anayoyajua. Aliweka mkebe wa chakula chini. Akageuka, akashuka jukwaani, akaanza kuvuka reli.

Alikuwa amefika katikati ya mawe ya reli aliposikia hatua zenye maji zikija hadi ukingoni nyuma yake.

"Mama, samahani," sauti ya mumewe ikamwita, tulivu, yenye adabu, na juu ya nguzo spika ikayasema maneno hayo hayo. "Mama mzuri. Umeondoka bila kuniambia jina lako."

Apondi aliuma mkono wa sweta yake akaendelea kutembea.

"Na yule binti yako wa chuoni," sauti ikasema, "yeye anaitwa nani?"